Mdomo wa Marehemu

Tangu udogo wake Chwaka, Sichana hakupatana na vyuma. Alipotogwa masikio alivishwa vipuli vya kung'ara vya dukani, na siku ya tatu masikio yakavimba yakatoka maji. Bibi wa jirani akasema mtoto ana damu tamu. Alipokuja mjini kuolewa, saa ya mkononi alonunuliwa na mumewe Khatib ilimwachia pete nyekundu kwenye kifundo, na vikulabu vya sidiria vilimchora mgongoni vialama viwili, kama kaumwa na mdudu wa meno mawili. Pini ya mtandio aliibania nguo kwa nguo, isikutane na ngozi. Akazoea. Masikioni alivaa vipuli vya dhahabu ya mahari, vidogo kama punje ya mtama, mkononi hakuvaa kitu, na watu wakadhani ni mtu asopenda mapambo.

Basi mtu huyu, na hali yake hiyo, ndiye ambaye moyo wake ulikwenda kuangukia kwenye tarumbeta.

Harusi za mjini Unguja zina beni. Wanaume hupuliza tarumbeta na kupiga ngoma, wanawake huwafuata nyuma wakicheza njia nzima. Lakini beni ya wanaume ikifika mlango wa ukumbi wa wanawake husimama hapo hapo. Ndani watu washavua mabuibui, vichwa wazi, mabega wazi, mwanamume haingii. Bi Ulfat wa Malindi, mjane wa mpuliza tarumbeta mmoja aliyeitwa Msabah, aliutizama mlango ule miaka mingi, mwisho akasema: kama wao hawaingii, sisi si tumo ndani tayari? Akakusanya wanawake saba, akafungua sanduku la marehemu mumewe, na beni yake ikawa inaanza pale ya wanaume inapokomea.

Sichana alikuja kwake akiwa bado bibi harusi wa juzi. Mwaka wa mwanzo alipiga kigoma kidogo. Mwaka wa pili Bi Ulfat akamtia tarumbeta mkononi.

“Usipulize kama unopoza chai,” alimwambia. “Tema! Kama unotema kokwa ya ubuyu. Prrr!”

Sichana akatema kokwa ya ubuyu wiki nzima nyumbani kwao Amani, akipika, akifua, akifagia, hata mama mkwe wake Bi Amne akamuuliza kama ana jino bovu. Wiki ya pili sauti ikatoka. Mwaka wa tatu yeye ndiye alofungua nyimbo ya kumtoa bibi harusi, ile anayopandia nayo jukwaani mbele ya wanawake wenzake, na watu wakija kukodi beni wakawa wanauliza, “Yule mwembamba atakuwepo?”

Mama yake Sichana alikuwa keshafariki. Sichana alipojifungua mwanawe Munir, Bi Ulfat alitoka Malindi mpaka Amani siku arubaini na birika la uji wa pilipili manga chini ya buibui. Alimkanda mgongo. Alimfundisha namna ya kumlaza mtoto kwenye mkono ule usotumika kwenye tarumbeta. Neno “mama” lilimtoka Sichana siku moja bila ya yeye mwenyewe kulitaraji, na Bi Ulfat aliitika “Naam” kama aloitwa hivyo siku zote.

Maradhi yalianza baada ya arubaini. Kile kikombe kidogo cha chuma kinachochomekwa mwanzo wa tarumbeta, ambacho mpulizaji anabandika midomo yake, wenyewe wa beni wakikiita mdomo. Mdomo wa Sichana ulikuwa umepakwa fedha, na kwa miaka ile fedha ilikuwa ishalika, ukingoni kumetokea rangi nyengine. Kila akishapuliza, midomo yake ilifanya duara jekundu, duara likawa vipele, vipele vikawa magamba. Alikuwa hawezi tena kumbusu Munir. Akimwekea shavu tu utosini, na mtoto akimtizama kama anayengoja kitu ambacho hakijafika.

Daktari hospitali hakuchukua muda. “Huu ni mzio, dada. Mwili wako haupendi madini, hasa nikeli, haya wanayopaka vyuma ving'are. Pumzika wiki mbili, halafu tafuta cha kupulizia kisichokuwa na madini hayo. Dhahabu, fedha safi, hata plastiki.”

Akarudi kwa wenzake na habari hizo. Walikuwa wamekaa barazani kwa Bi Ulfat wakichambua mbaazi.

“Kwa hivyo natafuta mdomo,” alisema.

“Mtume!” alisema mpiga ngoma kubwa, Bi Jaku kwa jina la mumewe, mwanamke wa mwili na maneno. “Na huo alokupa Mungu kaula nani?”

“Khatib!” alijibu mwengine, na mbaazi zikamwagika kwa vicheko.

Bi Ulfat peke yake hakucheka. “Mzio,” alilitamka neno kama analionja chumvi. “Sisi tulipuliza miaka yote hatukuujua mzio. Lakini haya, tutatafuta.”

Haja yenyewe haikuwa ndogo. Mdogo wake Sichana, Time, alikuwa anaolewa baada ya miezi mitatu. Alikuja kutoka Chwaka makusudi, akakaa kitandani kwa dada yake, akamwambia: “Dada, mimi mama hayupo wa kunitoa. Sitaki kutolewa na pumzi ya mtu mwengine. Nitoe wewe.” Sichana aliapa atamtoa. Kwa hivyo ule mdomo haukuwa wa beni tu, ulikuwa na ahadi ndani yake.

Akaanza kuchagua, kwa namna yake mwenyewe. Alijua kwamba chuma kibaya hakijifichi kwa ngozi yake, kwa hivyo kila alichokipata alikifunga kwa kitambaa cha kanga ndani ya kiwiko, pale ngozi ilipo laini, akakaa nacho siku mbili. Kwanza alileta wa plastiki, mweusi, ulioagizwa Dar. Kiwiko kilibaki kizuri, lakini alipoujaribu, Riyama alicheka mpaka akashika ukuta.

“Kama anaongea mtu aliyemo ndani ya mtungi!” alisema Riyama. Huyu alikuwa mtoto wa kaka yake Bi Ulfat, alolelewa naye tangu miaka mitano, na ndiye tarumbeta la pili. Sichana mwenyewe ndiye alomfundisha wapi pa kuvuta pumzi.

Halafu akaenda kwa sonara kuuliza kuchovya dhahabu. Sonara akaugeuza ule mdomo wa zamani kwenye taa, akasema, “Naweza. Lakini dhahabu ya kuchovya ni nguo, mama, si ngozi. Wewe utapuliza, utafuta, utapuliza, mwaka haupiti utakuwa ushaila. Itakuwa tumboni, mdomo uko vile vile.”

Alirudi barazani kichwa chini, akawaeleza wenzake. Bi Ulfat akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kitu kidogo ndani ya kitambaa cheupe. Ulikuwa mdomo, mzito, umeingia weusi wa miaka.

“Wa marehemu,” alisema. “Sonara alimtengenezea kwa bangili za mama yake. Fedha ya sarafu za riale za zamani, haina mchanganyiko. Chukua, mwanangu. Nakupa.”

Baraza zima likapiga vigelegele. Bi Jaku akafuta macho kwa ncha ya kanga na huku akisema, “Kumbe tunaopiga ngoma hatuna wa kuturithisha fimbo!” Sichana alipiga magoti, akaushika mkono wa Bi Ulfat akaubusu, kwa midomo yake ile ile mibovu.

Akaufunga kiwikoni siku mbili. Alipofungua, kitambaa kilikuwa na doa jeusi la fedha, na ngozi chini yake safi, haina hata harara. Alicheka peke yake chumbani, akamwonesha Munir kiwiko. “Unaona? Mama kapata mdomo.”

Kwa Bi Ulfat palikuwa na kanuni moja: mdomo haukopeshwi. Kila mmoja na wake. Na kwa kuwa wanawake wana watoto, na watoto hutia kila kitu kinywani au chooni, midomo yote ilikaa kwake. Yeye ndiye aloichemsha baada ya shughuli, yeye ndiye aloigawa kabla ya shughuli, na ufunguo wa sanduku ulifungwa kwenye pembe ya kanga yake. Sichana akaurudisha ule wa fedha kwake kama wengine. Midomo yake ilipopona, ilipofika shughuli ya mwanzo, Bi Ulfat akampa ukiwa unang'ara kama kioo.

“Nimekusafishia,” alisema.

Mkononi Sichana aliuona mwepesi kidogo. Akadhani ni furaha.

Akapuliza siku ile, akapuliza wiki ile, na duara likarudi.

Mwanzo alificha. Alipaka mafuta ya nazi, akavuta mtandio mpaka puani. Lakini magamba yalipopasuka alikwenda kwa Bi Ulfat.

“Mama, hata fedha inanikataa.”

Bi Ulfat alikuwa anakuna nazi, na mkono haukusimama. “Basi si chuma, mwanangu. Nlikwambia mimi. Daktari ana kitabu chake na dunia ina chake. Watu wanakutizama kila Ijumaa ukumbini, hilo ni jicho la hasidi, si mzio. Soma dua, jifushe ubani, na upunguze wasiwasi.”

“Na harusi ya Time?”

“Riyama afungue kwa sasa. Wewe pumzisha, pumzisha, ile siku yenyewe utapuliza.”

Sichana alijifusha. Alisoma. Alianza kuuogopa mwili wake mwenyewe, kwa sababu kama hata fedha safi ya riale unaikataa, utakubali nini? Alishika tarumbeta la pili, akipuliza kidogo kidogo, akamsikia Riyama akifungua nyimbo, na sauti ya Riyama ilikuwa imebadilika. Ilikuwa imejaa, nzito, inakwenda mpaka ukuta wa mwisho na kurudi. Akamsifu. “Umekua, Riyama.” Riyama akainamisha macho, na Sichana akaona ni adabu.

Siku tano kabla ya harusi aliomba aende na mdomo wake nyumbani, afanye mazoezi ya kutema bila ya tarumbeta ili asiwasumbue majirani. Bi Ulfat akampa bila ya kusita.

Asubuhi ile Bi Amne alikuwa amekaa uani Amani na beseni, anasugua bangili zake kwa ukwaju na jivu, tayari kwa harusi. Zilikuwa bangili za kwao Tumbatu, za fedha, na povu lake lilikuwa jeusi kama maji ya masizi.

“Lete na huo mdomo wako niupitishe,” alisema.

“Hauhitaji, mama. Wangu hauingii weusi.”

“Hauingii nini?”

“Weusi. Mwezi na zaidi uko vile vile.”

Bi Amne aliacha kusugua. Akaufuta mkono, akaupokea ule mdomo, akaupima kiganjani, akaunusa kama anonusa samaki. “Hizi nimezisugua Idi,” alisema, akionesha bangili. “Tizama zilivyosawijika. Hewa yetu hii ya chumvi haina huruma na fedha. Mwanangu, fedha isosawijika si fedha.”

“Alonipa ni Bi Ulfat.”

“Simsemi mtu mie. Nasema chuma.”

Sichana alikuwa anakiona kile kitambaa cha kanga chenye doa jeusi. Aliingia ndani, akakifungua kijisanduku chake, kitambaa kilikuwemo. Akaupaka ule mdomo maji, akausugua kwenye upande mweupe wa kitambaa, akasugua mpaka vidole vikauma. Kitambaa kilibaki cheupe.

Alimwacha Munir kwa bibi yake, akaenda Malindi. Bi Ulfat alikuwa kwenye ukumbi wa chini wa nyumba yake na Riyama, wanafuta matarumbeta.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mbona jua lote hili?”

Sichana akauonesha ule mdomo kiganjani. “Huu si ule ulonipa.”

Palikuwa na nafasi ya kukataa. Bi Ulfat angeweza kusema, hapana, ni ule ule, na pengine Sichana angemwamini, kwa alivyokuwa anataka kumwamini. Lakini Riyama aliliinua tarumbeta lake kulificha nyuma ya kanga, na kuficha ndiko kulikosema. Sichana akamwendea, akauchomoa mdomo. Ulikuwa mzito, na ndani ya kikombe chake mlikuwa na kivuli cheusi ambacho kitambaa hakikifikii.

“Mimi nlipewa tu,” alisema Riyama, na akatoka haraka kwa mlango wa uani.

Bi Ulfat akakaa. “Nlipokupa, roho ilikuwa inataka,” alisema. “Nliporudi ndani ikanigeuka. Bangili za mkwe wangu zile, Sichana. Pumzi ya mume wangu. Nikasema, umetoka nje ya nyumba, na mimi ndo nloutoa. Nikakutafutia unofanana nao, ule nikamwekea Riyama, wa nyumba hii.”

“Ungenambia, mama. Ningekurejeshea siku ile ile.”

“Ningekwambiaje? Nshakupa mbele ya watu! Nikupokonye mbele ya watu? Ningeuweka wapi uso?”

“Ukaona bora uharibike wangu.”

“Sikujua kama utaharibika!” Bi Ulfat alinyanyua sauti, halafu akaishusha. “Wallahi sikujua. Nliona ni wasiwasi. Nikasema, ukiamini ni fedha utapona. Mtu akiamini hupona.”

“Nilipokuja na midomo imepasuka? Ulipoiona?”

Bi Ulfat aliutizama mkono wake mwenyewe, ule ulokuna nazi siku ile bila ya kusimama. “Nlikuwa nshachelewa,” alisema.

Huko nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe. Sichana alisimama pale na midomo miwili mkononi, wa fedha na wa uongo, na alichokuwa anakifikiria hakikuwa harusi. Alikuwa anazifikiria zile siku arubaini za uji. Alikuwa anajiuliza kama alipokuwa analia na maziwa yamemganda, akisema yanamuuma, Bi Ulfat alimwamini hata siku moja, au alikuwa anamkanda tu.

“Chukua wako,” alisema Bi Ulfat. “Ni wako. Upulize siku ya Time.”

“Daktari alisema wiki mbili kupona. Zimebaki siku tano.”

Akaiweka yote miwili juu ya meza, akaondoka.

Time hakuambiwa. Bibi harusi hapewi habari mbaya. Aliambiwa tu kwamba midomo ya dada yake haijapona, na Riyama atafungua. Alilia kidogo, akafutwa wanja, akapakwa tena. Beni ilikwisha kodiwa, ukumbi ulikwisha pambwa, na watu wa Chwaka walikwisha fika na vyungu vyao. Harusi haimngoji mtu apone.

Ukumbini Sichana alikaa mstari wa mbele na Munir mapajani, kwenye upande wa waliofiwa na mama, kama alivyojisemea kimoyomoyo. Alivaa nguo ya sare ya familia, si ya beni. Beni ya wanaume ilikuwa ishafika mlangoni na kunyamaza. Wanawake walimzunguka.

“Sichana, kwani leo hutupulizii? Na mdogo wako huyu!”

“Na midomo imekuwaje? Khatib kakung'ata?”

Kabla hajajibu, sauti ilitoka nyuma yake, ya upole, ya mtu mzima anayejua kueleza. Bi Ulfat alikuwa amesimama na ngoma yake begani. “Mwacheni mwanangu,” aliwaambia. “Ana mzio, maskini. Mwili wake haupatani na vyuma. Daktari kamkataza. Ndo maana tukampumzisha, Riyama akashika.”

“Oo, mzio!” walisema wanawake. “Pole, shoga. Mzio mbaya.”

Miezi mitatu Sichana alikuwa analingojea neno lile litoke kinywani mle. Sasa limetoka, zuri, kamili, mbele ya watu, na lilikuwa limekuja kufunika kitu.

Aligeuka. “Bi Ulfat,” alisema. Hakusema mama, na mwenyewe alilisikia lile jina lilivyokuwa refu. “Leo umeuamini?”

Mlango wa pembeni ulikuwa ushafunguliwa, Time amesimama pale na shela ya kijani, na beni yote inangoja ngoma ya mwenye beni. Bi Ulfat akageuza uso, akapiga.

Riyama akafungua nyimbo. Alifungua vizuri. Iliujaza ukumbi, nzito, ya fedha, ikamnyanyua Time hatua kwa hatua, na pale katikati, kabla ya ile sauti ya juu, Riyama alivuta pumzi pale pale Sichana alipomfundisha. Time alipita akitizama chini kama inavyopasa. Alipofika kwa dada yake alinyanyua macho mara moja tu, akayarudisha.

Bi Jaku, akiwa kwenye ngoma kubwa, alimpigia Sichana kelele juu ya sauti zote: “We! Mbona umekaa kama mkwe? Mpigie mwanao vigelegele!”

Sichana akampa Munir mtu wa pembeni. Akasimama, akavuta pumzi mpaka chini, akapiga kigelegele. Kwenye sauti ya kwanza mdomo wa juu ulipasuka, akasikia chumvi ya damu juu ya ulimi. Akapangusa kwa kiganja, na mdogo wake alipokuwa anapanda ngazi ya mwisho ya jukwaa, akapiga tena, kirefu kuliko kile cha mwanzo, mpaka Time akakaa.